Tairi za Rosaire Gobeil

Siku saba kabla ya Desemba mosi, theluji ya kwanza ya maana iliangukia Chicoutimi, na Rosaire Gobeil akaamka na furaha ya mkulima aliyesikia mvua batini. Tarehe hiyo ikifika, kila gari katika jimbo la Quebec lazima liwe limevaa tairi za theluji, zenye alama ya mlima ubavuni, la sivyo ni faini. Watu wa huko wanaijua tarehe hiyo tangu utotoni, na kila mwaka inawashtua kana kwamba imetangazwa jana. Mafundi wa tairi walikuwa wamejaa miadi hadi katikati ya Desemba. Ukiwapigia simu walicheka kwanza, ndipo wakasema samahani.

Rosaire aliuza magari yaliyotumika, na uani kwake lilikuwepo gari jekundu, zima kabisa, linalosukumwa na magurudumu yote manne. Kasoro yake ni moja tu: tairi zake zilikuwa za kiangazi. Muuzaji mwingine angeona hasara hapo. Rosaire alipasha moto chuma cha kulehemu, akajichorea alama ya serikali kwenye ubavu wa kila tairi, milima mitatu na chembe ya theluji katikati, ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza. Tuwe wakweli, kwenye tairi moja mlima wa tatu ulitoka kichuguu. Alizipaka rangi nyeusi ya kung'aa, akapiga hatua mbili nyuma, akajipongeza.

Alhamisi akaja Bi Ghislaine Boily, mjane wa miaka sabini na mmoja, kofia ya sufu imemfika kwenye nyusi. Alitaka gari la kuvuka msitu wa Laurentides kwenda kumwona dada yake jijini Quebec. Rosaire akamwaga sera. Akamweleza kwamba magari makubwa ya kutisha ni ya vijana wenye kujionyesha, kwamba kwenye barafu mtu anahitaji gari la kimo cha kadiri linalokanyaga kwa miguu yote minne, na kwamba tairi hizi, mama yangu, hata dubu angezitamani. Bi Ghislaine alilizunguka gari polepole. Aliinama, akapitisha kidole gumba ubavuni mwa tairi, akakifuta kwa kitambaa, akasema zinapendeza.

Kisha akalitupia jicho gari la kijani lililoegeshwa pembeni. Hilo lilikuwa la Rosaire mwenyewe, la kiwanda kilekile na umbo lilelile, na lilikuwa na tairi mpya za misumari, zile zenye vijino vya chuma vya kung'ata barafu.

Tairi hizo Rosaire alizinunua kwa haki, dukani, na risiti akapewa, jambo ambalo kwake lilistahili kuwekwa kwenye fremu. Sababu ilikuwa binti yake, Annick. Kwenye arusi ya Annick Rosaire hakufika, mtoto alipozaliwa hakufika, na mara zote mbili alikuwa na biashara. Sasa mtoto angebatizwa Jumapili, siku ileile ya Desemba mosi, ng'ambo ya msitu. Annick alimwambia kwa simu, bila hasira, "Baba, ukikosa na hii, usinitafute tena." Siku ileile Rosaire akaenda dukani.

Lakini mteja ni mteja. Rosaire akaandika mkataba kwa mkono wake, akaweka kifungu alichokipenda kuliko vyote: gari linauzwa lilivyo, na tairi lilizovaa siku ya kukabidhiwa, na hakuna kurudishiana. Bi Ghislaine aliusoma mara mbili, akautia sahihi kwa sharti moja. Kesho yake alitaka kuliona gari likipanda mlima mkali wa mjini hadi juu.

Kwa tairi zile gari lisingepanda hata ngazi za baraza. Lakini mjanja hakosi la kufanya, na Ijumaa asubuhi alitoka na jeki na spana, akazivua tairi zake za misumari, akalivisha gari jekundu, na zile za kuchora akalivisha la kwake. Jioni angezirudisha. Siku moja tu, nani angejua?

Gari lilipanda kwa raha zake. Misumari ilitatarika kila lami ilipojitokeza, na Bi Ghislaine aliendesha huku akitabasamu. Juu kabisa akaegesha mbele ya ofisi ya namba za magari, akatoa bahasha ya pesa.

"Tumalize hapahapa, mwanangu. Bado hawajafunga."

"Kesho, mama. Nilioshe kwanza."

"Theluji itanioshea. Au kuna kitu humu si changu?"

Kusema tairi ni zake kungemlazimu Rosaire aseme za gari ziko wapi, na alama zake alizichora nani, tena mbele ya karani wa serikali. Akatia sahihi. Bi Ghislaine akamshukuru sana, akaondoka, na Rosaire akateremka mlima kwa miguu, na sehemu nyingine kwa makalio.

Jumamosi alipigia simu gereji kumi na tano, zote zikacheka. Basi la Jumapili lingefika ubatizo umeshaisha. Ilipofika jioni alikaa jikoni, akalia kidogo, halafu akapiga namba ya Bi Ghislaine iliyokuwa kwenye mkataba, akaomba kiti cha kuvuka msitu.

"Nilikuwa naingoja simu yako," Bi Ghislaine alisema. "Nauli yako ni tairi za kiangazi. Gari huuzwa na seti zake zote mbili, wewe hujui desturi?"

Alfajiri ya Jumapili gari la kijani likabaki juu ya magogo. Msituni upepo ulikuwa unafuta barabara, magari mawili yalikuwa yameshaingia mtaroni, na lile jekundu likapita bila kuyumba. Rosaire, amekaa kiti cha abiria juu ya tairi zake mwenyewe, alimwuliza Bi Ghislaine alijuaje kuwa alama zile ni za kuchora.

"Marehemu mume wangu alifunga tairi miaka arobaini. Gari nililipenda siku ya kwanza. Nilikuwa bado nachagua tairi, nikaona zako."

Walifika kengele zinalia. Annick alikuwa mlangoni mwa kanisa, akamtazama baba yake, kisha akamwekea mtoto mikononi. Rosaire aliona haya, akafurahi, yote kwa pamoja.

Mwezi Juni, anayepita kwa Bi Ghislaine huona tairi nne zimelazwa bustanini, zimejaa maua mekundu. Amezikata kingo na kuzikunjua, zile alama zikatokea kwa juu. Ile yenye kichuguu ameiweka mbele, kando ya barabara, ambako Rosaire hupita kila asubuhi.