Theluji ya Marereni

Wapo watu waliojaliwa kuona mbali, na Kaingu alikuwa mmoja wao. Siku hiyo alikuwa amesimama juu ya kilima cha chumvi kule Marereni alikokuwa kibarua, koleo mkononi, jua likimkaanga utosi, akamwomba mwenzake ampige picha. Alipoitazama kwenye simu hakuiona chumvi. Aliona theluji.

Koleo aliliacha palepale. Akaenda sokoni akanunua koti zito la mtumba, koti ambalo hakuna mwenye akili zake angelinunua Pwani hii, akarudi kilimani akapigwa picha nyingine tele: ameketi, amelala chali, ameinua kidole gumba. Kisha akapiga simu nyumbani kwao Muyeye, Malindi, kwa Mzee Kalume, mdogo wa marehemu babake.

"Baba mdogo, narudi nyumbani. Nilikuwa Ulaya. Norwei."

Hakusema Italia. Mjinga ndiye angesema Italia. Malindi hii iliyojaa Waitaliano, muuza ndizi hukutukana kwa Kiitaliano na kukuomba radhi kwa Kiitaliano. Mtu wa kubuni safari ya Roma angeumbuliwa kabla hajashusha mzigo. Lakini Norwei! Nani wa kumuuliza habari za Norwei?

Basi akaingia Muyeye na masanduku mawili mazito, ambayo uzito wake tusiuchunguze, na koti mwilini, jasho likimtiririka kama mtungi uliopasuka. Kwa muda wote aliopotea, jamaa zake walidhani yuko jela, dhana ambayo haikukosa msingi. Sasa walimlaki kwa ngoma. Mbuzi alichinjwa, na akina mama wakaimba:

*Karibu ewe kigogo, uliyevuka bahari,*
*Watu wadogo wadogo, twajiona matajiri!*

"Mbona umekuwa mweusi hivyo, mwanangu?" akauliza Bibi Kache, mkongwe wa ukoo.

"Theluji huunguza kuliko jua, bibi."

"Na viganja vimepasuka!"

"Baridi hiyo."

"Mulungu wangu! Kumbe Ulaya ni mateso!"

Mwezi mmoja nyuma alikuwa amerudi mwingine katika boma hilohilo. Hannah, binti wa dada yake Mzee Kalume, alitoka kufanya kazi za nyumbani Uarabuni, na huyo alipanda ndege ya kweli. Lakini mwajiri alimnyima mshahara wa mwaka wa mwisho, akarudi na mkoba mmoja. Hakuchinjiwa hata kuku. Alielekezwa jikoni, na jikoni ndiko alikokuwa, akikuna nazi za kumkaribisha mwongo. Watu wetu hawapokei msafiri, wanapokea masanduku.

Mzee Kalume alikuwa na vitu viwili alivyovipenda: mwanawe Ngowa, kijana mpole asiyeweza kazi yoyote, na tuktuk mpya ya buluu, ambayo aliinunua kwa pesa alizotuma Hannah miaka ya mwanzo. Aliiandikisha kwa jina lake mwenyewe. Hannah alipoiulizia, aliambiwa mwanamke hana haja ya tuktuk.

Usiku wa karamu mzee akamvuta Kaingu kando. "Baba, huyu nduguyo Ngowa, huko Norwei hakuna kijishughuli?"

Kaingu akashusha pumzi ndefu, kama mtu anayesumbuliwa na wema wake. "Nafasi ipo moja. Lakini mabwana wa huko wanataka shukrani. Nilikuwa natazama ile tuktuk..."

"Tuktuk!"

"Basi, yaishe. Nitamchukua mtoto wa jirani."

Mzee akalala macho wazi. Kaingu naye alilala akiwa ameshampata mnunuzi wa tuktuk kule Kilifi.

Asubuhi Hannah akamfuata nyuma ya jiko. "Kaka, hebu niione tena hiyo Norwei yako." Akaichukua simu, akaikuza picha kwa vidole viwili. "Milima mizuri. Na hii nyuma yako ni nini?"

"Miti ya huko. Misonobari."

"Hii ni mikoko, kaka. Na huyu mwenye kandambili, aliyejitwika gunia, ndiye Mnorwei?"

Kaingu akamnyang'anya simu. "Unataka nini?"

"Nusu."

Moyo wa Kaingu ukatulia. Anayedai nusu si adui, ni mwenzako wa kazi.

"Mjomba hatakupa tuktuk kabla Ngowa hajafika," Hannah akaendelea, "nawe huwezi kumfikisha Ngowa hata Lamu. Basi ikae kwangu kama amana, iandikwe jina langu. Ikishabadilishwa, unamleta mnunuzi wako, tunagawana."

"Kwa nini mzee akuamini?"

"Kwa sababu ananiona mjinga. Wewe pia. Ndiyo faida pekee niliyorudi nayo."

Kaingu akacheka, akampenda bure. Ile nusu ya Hannah alikuwa ameshaipangia kazi nyingine.

Mzee Kalume aliposikia shauri hilo, akacheka mpaka akakohoa. "Hannah? Huyu aliyeibiwa mpaka jasho lake? Huyu hana mikono ya kuiba!" Wazee wakaitwa, na Hannah akasema mbele yao kwa upole, macho chini: "Wazee wangu, tuktuk ni yangu kwa jina. Siitoi kwa mtu yeyote mpaka Ngowa mwenyewe anipigie simu kutoka Norwei. Mmekubali?"

"Tumekubali!" Sauti ya Kaingu ndiyo iliyopanda juu ya zote.

Jina likabadilishwa. Siku aliyotarajiwa mnunuzi wa Kilifi, Kaingu aliamshwa na vigelegele. Kutoka nje, akakuta ua umefurika watu. Ngowa amevaa suti, viatu vinang'aa. Tuktuk iko tayari, na Hannah ameshika usukani.

"Kaka, nisamehe, nimeitoa siri yako," Hannah akasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Nimewaambia visa zimetoka na mnaondoka leo."

"Leo? Lakini leo..."

Mzee Kalume akamkumbatia, machozi yakimtoka. "Ulitaka kututoroka bila baraka zetu? Mwana mwema huyu!" Bibi Kache akamnyunyizia maji ya baraka usoni, na kwa bahati yakalificha jasho lake.

Kaingu akapima. Kukubali ni uwanja wa ndege. Kukataa ni fimbo. Akachagua uwanja wa ndege, akijipa moyo kwamba hapo hakosi upenyo.

Walipofika, ukoo mzima nyuma yao kwa bodaboda na kwa miguu, akamnong'oneza Hannah huku akishusha masanduku. "We mwanamke! Mnunuzi anangoja!"

"Nimempigia. Nimemwambia haiuzwi."

"Na nusu yangu?"

"Utaipata, kaka. Ngowa akinipigia kutoka Norwei." Akawasha injini. "Nilikosha vyoo vya watu, mjomba akanunua tuktuk nisiyoruhusiwa hata kuipanda. Mlinionea huruma sana. Safari njema." Mama mmoja mwenye vikapu alikuwa ameshanyoosha mkono barabarani. "Mjini, mama? Panda!"

Na tuktuk hiyo ikaenda zake.

Mlinzi wa langoni akadai tiketi na pasipoti. Kaingu akatia mkono mfuko huu, akatia mfuko ule, akaeleza, akabembeleza, akahamaki. Mlinzi akawaweka kando kwenye benchi, mbele ya macho ya ukoo mzima uliojipanga kwenye ua wa seng'enge. Kaingu akitaka kusimama, Ngowa humng'ang'ania mkono asije akaachwa.

"Hatuondoki mpaka tuwaone mkipaa!" Mzee Kalume akapaza sauti kutoka nje. Kaingu akapunga mkono. Angefanya nini?

Ndege ikanguruma, ikakimbia, ikapaa juu ya minazi bila wao. Minong'ono ikaanza kupita kwenye seng'enge.

"Si hiyo," Mzee Kalume akawatuliza watu. "Hiyo ni ndogo. Yao bado yaja."

Wakakaa kitako nyasini, wakafunua sufuria za pilau, na macho yao yote hayakubanduka kwenye benchi.