Mwalimu Wenu Anasema Ninachelewa

Kabuta, wilaya ya Nchelenge
Tarehe 9, mwezi wa pili

Kwa Mukubwa wa Idara ya Muziki, Chuo Kikuu, Lusaka

Mukubwa muheshimiwa,

Nakusalimia kwa heshima yote, wewe na wale wanaokaa nawe katika biro, ofisi yenu. Mimi ni Stéphane Kalumba, muchuuzi wa samaki, muzaliwa wa Kilwa upande wa Congo, mukaaji wa Kabuta tangu miaka kumi na tisa, na mupiga ngoma wa korale, ndiyo kwaya, ya Kiswahili ya kanisa letu. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kibemba changu ni cha kupatana bei, na Kiingereza changu kinaishia kwa "gudi moningi", na kwa jambo hili sina nia ya kukutakia asubuhi njema.

Nashitaki idara yako. Nimepanga mashitaka kwa namba, kwa kuwa namba ndizo mwanafunzi wenu alituletea.

1. Kuhusu mwanafunzi mwenyewe. Mwezi wa kumi na mbili, serikali ilipofunga ziwa ili samaki wazae na sisi tukabaki mukono shavuni, alifika nyumbani kwa likizo Thelma Nsama, binti wa mwalimu Nsama wa hapa Kabuta. Tulimuuliza anasoma nini huko Lusaka. Akasema anasoma kupiga ngoma, miaka minne. Mukubwa, nilijitahidi kuelewa. Mwaka wa kwanza nikaupa mukono wa kuume, wa pili mukono wa kushoto, na ile miwili ya mwisho nikafikiri labda ni ya miguu.

Jina la masomo yake, alisema, ni "perkasheni". Pasta wetu Dominique, ambaye ni mutu wa Kifaransa, alisikia "persekisyo", maana yake mateso. Akamuombea mbele ya kanisa zima kwa Jumapili tatu, ili Mungu amutoe katika chuo hicho. Wamama walilia. Thelma aliitikia amina kwa adabu. Silalamikii maombi yale. Nalalamika kwamba hayakujibiwa.

2. Kuhusu swali. Thelma alikuja kwangu na simu ya kunasa sauti, daftari, na penseli iliyochongwa vizuri sana. Akaniomba nipige wimbo wa matoleo, ule ambao wamama wa korale wanazunguka nao wakicheza, mabeseni ya matoleo kichwani, mpaka mbele ya madhabahu, hapo wanageuka. Nikapiga. Nilipiga vizuri mpaka mbuzi wa jirani akaacha kutafuna. Nilipomaliza, akauliza:

"Ba Stéphane, pale mwanzo munahesabu ngapi?"

"Nahesabu nini?"

"Mapigo."

"Mutoto wangu, mimi nahesabu samaki."

Akacheka, akaandika hata hilo. Halafu akasema, bila ubaya wowote: "Mukono wenu wa kuume unapiga tatu, wa kushoto mbili, yote kwa mara moja. Ni vigumu sana. Sisi darasani tunashindwa."

Mukubwa, kwa miaka ishirini na sita mikono yangu iliishi pamoja kwa amani. Siku ile ilitambulishwa rasmi, na tangu hapo haielewani.

3. Kuhusu madhara. Nilianza kuhesabu na sikuweza kuacha. Nilitembea kwa nne, nikatafuna bukari, ndiyo ugali, kwa sita. Muke wangu Gaëlle aliniuliza nani amekula samaki aliyebaki kwa sufuria, nami nikajibu "tano", kwa maana nilikuwa nimefika hapo. Tuna watoto watano. Wote waligombezwa, pamoja na mudogo asiye na meno.

Jumapili iliyofuata nilipiga wimbo wa matoleo nikihesabu. Niliupiga sawasawa, kipande kwa kipande, kama ulivyoandikwa katika daftari la Thelma, naye alikuwa amekaa benchi la mbele akitikisa kichwa kwa furaha. Wamama walifika pale pa kugeuka. Gaëlle, aliyekuwa wa kwanza, akaanguka. Mama Clémentine, kiongozi wa korale, ambaye si mutu mwepesi, akamuangukia. Kwa kuwa ni wakati wa ziwa kufungwa, matoleo yalikuwa karanga, unga wa muhogo, na kuku mumoja muzima. Karanga zilienda kwa watoto. Unga ulienda kwa wazee wa kanisa, walioonekana kama watu waliofufuka. Kuku aliruka mpaka mimbarani, na Pasta Dominique alimaliza ibada amemubana kwapani. Tulipofika kwa baraka, kuku ndiye aliyesema amina kwa sauti kubwa kuliko sisi.

Nilimuomba Gaëlle msamaha. Alinijibu kwamba goti lake halijambo, ila moyo wake haujatulia, halafu akanipa kufagia karanga.

4. Hili ndilo kubwa, nakuomba ukae chini. Thelma alituma sauti ya ngoma yangu, ile aliyoinasa siku ya kwanza, kwa mwalimu wake, mutu wa idara yako. Mwalimu akajibu. Thelma alikuja mwenyewe kunisomea jibu, macho yakiangalia mchanga. Mwalimu alisema mupiga ngoma huyu ni fundi, anastahili sifa, mukono wake wa kushoto ni wa ajabu. Lakini kila mara, katika kipande cha nne, anachelewa kidogo.

Mukubwa, nachelewa kwa nani?

Mimi ndiye naanza. Korale yote inaningoja mimi. Kama nimefika, ndiyo saa yenyewe. Mwalimu wenu amekaa Lusaka, mwendo wa siku nzima kwa basi, basi lisipoharibika, na kutoka huko ananiambia nimechelewa! Mimi nilikuwa hapa.

Tangu siku ile sina heshima. Didier, mutoto wa ndugu yangu, anayenifuata kwa ngoma ndogo, sasa ananiinamia katikati ya wimbo na kuninong'oneza: "Tonton, tunakaribia." Mama anayeuza mandazi kando ya bandari ananiita Papa Kipande cha Nne. Juzi nilienda Chienge kununua chumvi, nikakuta jina hilo limefika mbele yangu. Kwa safari ile moja nakubali, nilichelewa.

5. Kuhusu alama. Kwa kazi hiyo ya likizo, ya kuandika ngoma yangu, Thelma amepata sabini na nane kwa mia. Nilimupongeza kwa moyo. Halafu nikafikiri. Ngoma ni ya nani? Jasho ni la nani? Mbuzi aliacha kutafuna kwa ajili ya nani? Niko tayari kuchukua sitini tu. Kumi na nane zibaki kwake, kwa penseli.

Kwa sababu hizo zote, naomba kwa unyenyekevu yafuatayo. Kwanza, mwalimu yule aje Kabuta, asimame mbele ya korale, aseme hajasikia vizuri. Asipoweza kuja, basi idara iniletee mutu wa kunitoa namba hizi kichwani, kwa kuwa aliyeziingiza ni wenu. Kama kazi hiyo haijulikani bado, muniandikishe mwaka wa kwanza. Nina miaka hamsini na nne, sioni haya, nitakaa na watoto na nitaanguka mutihani vizuri kabisa, halafu mutanifukuza kwa barua yenye muhuri, nami nitarudi nyumbani nikiwa mujinga kama zamani. Nitahitaji kitanda karibu na mulango.

Na kama hata hilo ni gumu, naomba mufunge masomo ya ngoma kila mwaka kwa miezi mitatu, kama serikali inavyofunga ziwa. Hakuna mutu aingie na penseli. Midundo nayo inahitaji kupumzika, izae.

Uwasalimie walimu wote. Yule wa kipande cha nne umusalimie kidogo. Uwasalimie wanaotunza ngoma, wapishi, mulinzi wa geti, na watoto wote wanaosoma mateso. Pasta Dominique anawaombea, ameniambia hataacha.

Ni mimi, mwenye uchungu na mwenye haki,

Stéphane Kalumba
Mupiga ngoma, Kabuta

Nyongeza. Mukubwa, barua hii ilikuwa tayari katika bahasha, lakini mutu wa kuipeleka Nchelenge mujini alipata pancha ya baisikeli, ikabaki mezani. Gaëlle akauliza nimeandika nini siku mbili zote. Nikamusomea. Alicheka sana pale pa kuku. Nilipofika shitaka la nne, akaacha kucheka.

"Lakini unachelewaka," akasema.

"Nani?"

"Weye. Pale pa kugeuka. Tangu nilivunjika muguu, unaningojaka. Nilizani unajua."

Miaka minane iliyopita muke wangu aliteleza akishuka kwa mutumbwi. Muguu wa kushoto ulipona vibaya. Anatembea vizuri, anacheza vizuri, lakini kugeuka na beseni kichwani, ndiyo kipande cha nne chenyewe, kunamuchukua muda kidogo. Mukubwa, nakuapia, sikujua kwamba namungoja. Mikono yangu ilijua miaka yote minane, haikuniambia neno. Siku niliyohesabu sikuchelewa hata kidogo, na ndiyo siku aliyoanguka.

Nilirudi mezani, nikashika kalamu tena.

Kwa hiyo mwalimu wenu ana sikio zuri. Mumupe salamu zote. Asije kusimama mbele ya mutu yeyote, na masomo yasifungwe. Thelma anaweza kuandika kwamba ninachelewa, ila namuomba asiandike kwamba ni kosa.

Limebaki jambo moja. Jumapili iliyopita nilichelewa kwa makusudi, kwa mapenzi yangu yote. Nilichelewa mpaka Gaëlle akawa amegeuka, amesimama, na wamama kumi na moja nyuma yake wamesimama, wote wananiangalia. Nyumbani akaniambia: "Sijazeeka vile."

Nimejaribu tena hapa uani, inakuwa fupi au inakuwa ndefu. Sasa ninapotaka kuchelewa, sijui tena ninachelewaje. Nakuomba sana, Mukubwa, mwalimu asikilize ile sauti ya kwanza mara nyingine, apime vizuri, anitumie namba kamili. Wimbo wa matoleo uko tena Jumapili.