Seji Yangu Haing'olewi

Jumatatu, 4 Novemba 1974

Leo Buberwa kaja kunitukana hapa hapa kwangu. Huyu ndiye balozi wetu wa nyumba kumi, hapa Nshamba. Amri imetoka wilayani. Kilimo cha kufa na kupona. Kila nafasi karibu na nyumba ipandwe muhogo au viazi, maua yote yang'olewe. Akasimama mbele ya seji yangu, akainyooshea fimbo. "Ta Datius, maua yako haya mwisho Jumamosi. Kamati inakuja na Bwana Shamba."

Maua! Nikamwambia seji ni kiungo cha Wazungu, ni chakula. Majani ya kijivu, yana vinyweleo kama sikio la sungura, ukiyafikicha mkono unanukia mpaka kesho. Tawi la kwanza nililitoa mwenyewe bustanini kwa mapadri, Kashozi. Nikaja nalo kwa miguu mpaka huku, nimelifunga kwenye gome la mgomba. Padri Mzungu nyama haimpiti kooni bila seji. Na mpishi wake alikuwa nani? Mimi. Klaudia mke wangu kadakia toka mlangoni kwamba nilikuwa mpasua kuni. Mpasua kuni wa jikoni ni mpishi. Bila mimi padri angekula mbichi.

Buberwa kasema kama ni chakula, Jumamosi kamati itandikiwe majani ya mgomba, iandaliwe, ipate kula. Wasipokula, jembe. Nimesema watakula na watalamba vidole.

Haing'olewi. Nimeandika.

Jumanne, 5 Novemba

Jaribio la kwanza. Klaudia kanizuia mlangoni mwa jikoni. Tangu lini mwanamume Mhaya akashika mwiko, watu watasema yeye kanilisha limbwata. Sikubishana naye. Nilibishana kidogo. Kisha nikachukua chungu, nikaweka mafiga nyuma ya mibuni. Ndizi, maharage, chumvi. Seji kikapu kizima. Mwenye bustani hapimi kwa kijiko.

Watu wakajaa njiani. Theopista, jirani yetu, kauliza kama Klaudia amefariki. Nikamwonjesha. Katafuna, kisha kauliza kwa sauti ya msibani, "Waitu, nani ana homa hapa?" Kadhani ni dawa, kama ule omubirizi mchungu tunaowanywesha wagonjwa wa malaria. Kaomba bakuli ampelekee mama mkwe wake, tumbo lake limefunga.

Kilichobaki nimekila chote mwenyewe, kuonyesha mfano. Ulimi umekufa ganzi upande mmoja. Chakula cha heshima ndivyo kilivyo.

Alhamisi, 7 Novemba

Jana sikuandika. Nilikuwa na safari za chooni.

Mama mkwe wa Theopista amepona kabisa, anaimba. Habari mbaya sana. Sasa kijiji kizima kinasema Datius ana dawa ya tumbo. Wamekuja wagonjwa, nimewafukuza. Buberwa naye anatangaza kila anapopita kwamba dawa si chakula, mahali pa dawa ni zahanati, na hapa ni muhogo tu.

Klaudia kanishauri. Eti nitumie majani machache. Eti niyakaange kwenye samli mpaka yakauke, ndipo niyamwage juu ya ndizi zikishaiva chunguni. Nikamwambia machache ni upishi wa kimaskini. Mimi nimeiona sahani ya padri. Kauliza niliionea wapi, kwenye beseni la kuoshea?

Simjibu mtu mwenye wivu. Nimefikiri mchana kutwa, nimekaa na kiko changu. Tatizo si kamati. Kamati inafuata mdomo wa Buberwa. Nikiushika mdomo wa Buberwa, nimeshika wote.

Ijumaa, 8 Novemba

Nimeushika.

Nimekata omukago na Buberwa! Udugu wa kuchanjiana, ule wa wazee wetu. Tunda moja la buni lina punje mbili. Kila mmoja anajichanja chini ya kitovu, anapaka punje yake damu, mwenzake anaila. Basi. Hamnyimani kitu, hamtendeani baya. Atakayevunja, tumbo linavimba, anazikwa. Mapadri walikataza. Mapadri hawana balozi wa nyumba kumi.

Na buni yenyewe nimeiandaa kwa akili yangu. Za kutafuna huwa tunazichemsha na nyasi za kunukia, kisha tunazianika. Mimi nyasi nimezitupa, nimechemsha na seji. Yaani Buberwa kala seji na kiapo kwa pamoja.

Nilitegemea atakataa, nilikuwa na maneno ya kutosha ya kumlainisha. Sikuyatumia hata moja. Kakubali kabla sijamaliza, kajichanja kwa wembe wangu, katafuna, kaisifia buni. Kaniita ndugu yangu kwa sauti kubwa, mbele ya Theopista, awe shahidi. Woga huo.

Klaudia kauliza nani hapo kamtega nani. Mwanamke haelewi siasa.

Jumamosi, 9 Novemba

Kamati imekuja. Wazee wa kijiji, Buberwa mbele, na Bwana Shamba Saburi, kijana wa Bukoba mjini mwenye viatu visivyojua tope. Kikapu changu cha seji kilikuwa tayari, kimefurika. Klaudia kaninyang'anya bila ruhusa. Kachagua majani ya kujaza kiganja tu, mengine kawarushia kuku, akakaanga kwenye samli. Nikamwachia. Si kwamba nilishindwa. Moshi ulinizidi.

Nikamega wa kwanza mimi mwenyeji, wakaona sifi. Wakala. Nyumba nzima vidole tu vinakwenda. Saburi kaomba aongezwe, kaongezwa, kaomba tena. Kauliza, "Mzee, huu utaalamu umeutoa wapi?" Nikamweleza habari za Kashozi, toka mwanzo, kwa kirefu. Klaudia alikuwa anaangalia paa.

Kisha Buberwa kasimama, kajikohoza. Kasema kwa ushahidi wake yeye balozi, hiki ni chakula kamili, wala si dawa. Angesema nini tena, na tumbo lake kaliweka rehani kwangu? Kamati ikapitisha. Seji ibaki.

Nimeshinda wilaya. Usiku huu nalala chali.

Jumapili, 10 Novemba

Tumetoka misa. Namkuta Buberwa mlangoni kwangu, jembe begani, wanawe wawili nyuma na kapu. "Ndugu yangu wa damu," kasema, "nimekuja kuomba seji. Nusu tu." Bwana Shamba atakula kwake wiki ijayo, naye Buberwa anataka kumwandalia kile kile. Kaniangalia tumboni, katabasamu.

Nikajipapasa. Kweli lilikuwa limeanza kukaza. Nikasema chukua.

Kachukua. Nusu ya upande wa jua, ile yenye majani mapana. Kachimba na udongo wake. Kaniachia ile ya kivulini. Kaaga vizuri, kasema niwasalimie wajukuu. Klaudia kaingia jikoni. Kaniletea mwiko, kaniwekea mkononi, kaenda zake kuchambua maharage.

Lakini Datius hafungiwi kwenye kona. Omukago una pande mbili. Na Buberwa ana mbuzi.

Jumatatu, 11 Novemba

Alfajiri nilikuwa kwa Buberwa. Nimemwambia ndugu yangu, nimekuja kuomba mbuzi. Yule beberu wa madoa, mnene. Kajishika tumbo. Mkewe kaanza kusema jambo, kamnyamazisha. Kafungua kamba mwenyewe, kanipa, macho yanatazama migomba.

Sikupitia njia ya mkato. Nimepita naye katikati ya maduka yote ya Nshamba, polepole. Shaban mwenye duka kauliza nimemwiba wapi. Nikamjibu mtu mwenye ndugu haibi. Beberu nikamfunga mlangoni kwangu mahali pa kuonekana toka barabarani, nikaenda kunywa rubisi kidogo na kuwasimulia watu.

Watu walikuwa wengi, na hadithi ni ndefu. Niliporudi jua limeinama. Kamba nayo ilikuwa ndefu. Beberu kalala katikati ya bustani anacheua, pumzi yake inanukia kama altare. Seji hakuna. Majani hakuna, vijiti hakuna, mizizi kaifukua kwa kwato. Buberwa alikuwa anapita. Kasimama, katazama ule udongo mtupu, kasema hapa sasa muhogo utakaa vizuri, keshokutwa ataniletea mbegu, ndugu hanyimwi. Klaudia kacheka mpaka kakaa chini.

Wacheke. Hawajui upishi. Wapishi wote wa dunia hii, na wa mapadri wakiwemo, wanatia seji mnyama akishakufa. Ndiyo maana inaishia juu juu. Mimi nimeitia akiwa hai, kikapu baada ya kikapu, inaenda mpaka kwenye uboho. Hakuna Mzungu aliyewahi kufikiria. Jumamosi nachinja. Nimeshaialika kamati yote na Bwana Shamba, napika mwenyewe, nyuma ya mibuni. Na Buberwa nimemwonya kabisa asije na yale majani yake, asije akaniharibia ladha.