Kuku wa Agneta na Baridi ya Julai

Jumatatu, 6 Julai 1987. Kitale.

Ukungu mpaka saa nne. Agneta ameenda Webuye kumuuguza dada yake Nekoye, aliyejifungua juzi na kupoteza damu nyingi. Mtoto mzima, mama hoi. Muuguzi amesema ale mayai kila siku. Mimi niko likizo kutoka ghala la mahindi, kwa hivyo nimeapa kufika Jumamosi na kikapu kimejaa. Agneta alikuwa akifunga mzigo wake. Akasema afadhali atanunua huko sokoni. Nikamwambia mke wangu hawezi kununua mayai na ana kuku nyuma ya nyumba.

Alipoondoka nikaenda kukagua viota. Hakuna yai. Kuku wamejikunyata chini ya mabati, hawataki hata kuniangalia. Baridi imewafunga.

Kuku wa jirani, Mwalimu Chepchumba, wanataga kana kwamba Julai haijafika kwake. Nikamuuliza siri yake tukiwa uani. Akaniambia palepale: maji ya vuguvugu asubuhi, sukuma wiki, maganda ya viazi yaliyochemshwa, dagaa kidogo wa omena waliopondwa, na mahindi jioni ili walale na joto. Nikamshukuru sana. Mama mwema. Lakini nani hutoa siri yake upesi hivyo? Lazima kuna nyingine ameificha.

Jumanne, 7 Julai.

Nimefikiria. Tatizo ni baridi. Dawa ya baridi ni moto. Moto unaolika ni pilipili.

Nikatwanga pilipili ya kutosha, nikachanganya na unga wa posho. Nilitarajia kuku waruke. Wakala taratibu, wakapangusa midomo kwenye nyasi, wakarudi chini ya mabati. Hawakusikia chochote. Mimi nikajikuna jicho.

Mwalimu Chepchumba alisikia kelele, akaja na maziwa ya kuniosha. Hakuuliza maswali. Nashukuru kwa jirani wa namna hiyo. Jicho la kushoto linaona vizuri.

Yai: hakuna.

Jumatano, 8 Julai.

Mvua. Nilivuka mto kwenda kwa mama mmoja anayepika busaa, pombe ya nafaka, kimyakimya. Machicha yake ni nafaka tupu, tena imechachuka na ina joto lake yenyewe. Akanipa karai zima bure. Dunia ina watu wema. Nikambebea kuni kama shukrani.

Kuku wameyapenda. Wamekula mpaka karai likang'aa. Nimeenda kuchukua lingine. Kwa mara ya kwanza wiki hii wamechangamka. Nimewaona wakitembea kwa madaha, ingawa wanapinda kidogo.

Alhamisi, 9 Julai.

Siku mbaya. Lakini imeisha vizuri, namshukuru Mungu.

Asubuhi nikakuta kuku wamelala ubavu uwanjani, miguu imenyooka. Nikadhani wamekufa wote. Kuku wa Agneta! Aliwalea tangu vifaranga, akiwafunika kwa sweta lake mwenyewe. Nikaketi kwenye tope. Halafu mmoja akakoroma.

Nikiwa bado hapo, akaingia Rotich, askari wa chifu. Amefuata harufu kutoka barabarani. Akaona karai, akasema nimekamatwa kwa kupika pombe. Nikamweleza kuwa walevi ni kuku. Akasema amefanya kazi hii miaka mingi lakini hajawahi kusikia mtu akiwasingizia kuku. Jogoo akainuka, akajaribu kuwika, akaangukia kiatu chake.

Mwalimu Chepchumba akatokea na shali mabegani. Rotich aliwahi kuwa mwanafunzi wake, akavua kofia.

“Huyu hawezi kupika pombe, Rotich,” akamwambia. “Hata chai humshinda. Ni mjinga tu, na ujinga si kosa la kupeleka mtu kwa chifu.”

Sijawahi kutetewa vizuri hivyo. Rotich akamwaga machicha shimoni, akanionya, akaenda.

Hapo nikamweleza Mwalimu habari yote ya Nekoye. Nikamwambia mke wangu hana tabia ya kuniomba kitu, na safari hii hata hakuomba, mimi ndiye niliyeapa. Akaniuliza kama nilijaribu ile sukuma wiki aliyonitajia.

Nikamwambia nilikuwa nimeiweka akiba.

Ijumaa, 10 Julai.

Mwalimu alikuja mwenyewe na sufuria ya maganda ya viazi, bado yanatoa mvuke. Akafunga sukuma kwa kamba, akaining'iniza ili kuku waruke wakidonoa na kupata joto. Akaniachia omena. Kuku walikula kwa adabu, macho mekundu. Alipokuwa akiondoka alinipa mayai ya kuku wake, yamejaa kikapu na kufunikwa majani makavu. Akakataa kusikia neno asante, lakini nilimfuata nalo mpaka mlangoni kwake.

Jumamosi, 11 Julai. Webuye.

Nimefika, na hakuna yai lililovunjika.

Nekoye alikuwa kitandani, amepauka, anaongea kwa shida. Nikatangaza kuwa kuku wetu wanamsalimia. Agneta akafunua kikapu. Kuku wake ni wa kienyeji, hutaga mayai madogo, meupe. Haya yalikuwa makubwa ya rangi ya udongo, ya kuku wa gredi.

“Baba Khisa,” akasema, “kuku wangu wamebadilisha rangi?”

Nikasema ni chakula.

Akaniuliza ni chakula gani. Nikaanza kueleza. Nilipofika kwa jogoo na kiatu cha Rotich, Nekoye akashika tumbo, akaniomba ninyamaze kwa sababu ya nyuzi alizoshonwa, huku machozi ya kicheko yakimtoka. Agneta akasema hajamsikia akicheka tangu ajifungue. Nikasema ukweli kuhusu Mwalimu. Agneta akanishika mkono mbele ya watu wote, jambo ambalo hafanyi. Nekoye akala mayai mawili, akaomba la tatu.

Nimelala kwa shemeji nikiwa mtu mwenye furaha kuliko wote Bungoma.

Jumatatu, 13 Julai. Kitale.

Nimerudi, nikakuta yai dogo jeupe kiotani, na pembeni yake lingine. Mwalimu amekuwa akiwalisha.

Leo anasafiri kwenda mazishi Kapsabet. Nimemsihi aniachie kuku wake niwaangalie, kwa shukrani. Alisita mpaka gari likapiga honi mara mbili. Akanieleza chakula chao mwanzo hadi mwisho. Nikasikiliza kila neno.

Utaratibu mzuri. Ila kuku hodari kama hawa wanastahili zaidi ya maganda ya viazi, na nataka akirudi ashangae. Nimewapikia kahawa. Nzito, na sukari.