Chuo cha Rivasi cha Narung'ombe

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa kuwa hakufika nafasi yake naikaimu mimi mwenyewe. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Mapokezi, ambaye pia ni mimi. Wazee wetu wa Narung'ombe, Nambilanje na Matambarale. Ndugu zetu mliotoka Nachingwea kwa bodaboda na vumbi lenu. Mashehe, mapadri, makatekista na walimu wa madrasa. Akina mama mnaopika pilau ambalo harufu yake inavuruga ratiba. Waandishi wa habari, yaani Rukaiya na simu yake. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, na yule ambaye haikumzingatia naomba ajizingatie mwenyewe. Asalaam aleikum! (Waaleikum salaam!) Tumsifu Yesu Kristo! (Milele amina!) Rivasi oyee! (Oyee, ya wachache.) Sijasikia. Rivasi oyee! (Oyee! Honi ya lori: paaa!)

Ahsante kwa honi. Nimearifiwa kwamba ile ni honi ya ndugu yetu Dickson, dereva mpya wa semi-trela lililosheheni korosho kutoka Nachingwea, ambaye alipoona bango letu pale barabarani, lenye maneno Chuo cha Kurudisha Semi-Trela Nyuma, akakata kona akaingia na gari lake lote katika njia hii nyembamba iliyobanwa na mikorosho, kwa kuwa kuingia anajua, akiamini kwamba huku ndani atawakuta wataalamu wa kumtoa. (Makofi.) Wananchi, hii ndiyo inayoitwa impact! Chuo hakijazinduliwa, wahitimu wake wa kwanza hawajatunukiwa, mteja keshafika! Ni kweli kwamba ameziba njia pekee ya kutokea uwanjani, ikiwemo njia ya gari langu, na ni kweli kwamba wingu limeshakuwa jeusi upande wa Nambilanje na turubai lake lina matundu. Lakini Dickson, tulia. Korosho haitalowa chini ya uongozi wangu.

Ndugu zangu, tumetoka mbali. Kila msimu lori linapofika ghalani na dereva akaanza kurudi nyuma, utaratibu wetu mnaujua: kijiji kizima kinatoka kumwelekeza. Huyu anasema kata kulia, yule kata kushoto, bibi mmoja kwa mbali anasema nyoosha mwanangu, na aliyesimama ukutani anasema njoo, njoo, njoo, bado, bado, mpaka ukuta ulie puu, ndipo anasema hapo hapo! (Kicheko. Watu wote wanamgeukia Mzee Shehe.) Msimwangalie Mzee Shehe. Mzee Shehe ni stakeholder.

Ni kutokana na hali hiyo kwamba mimi, Mratibu Mkuu wa Mamlaka ya Muda ya Uratibu wa Rivasi, mamlaka niliyoibuni, nikaiasisi na kuiongoza bila kuchoka wala kulalamikiwa kwa maandishi, nilifanya utafiti wa kina na kugundua kwamba ukirudi nyuma huku umekata usukani kulia, tela linakwenda kushoto, na ukikata kushoto, linakwenda kulia. Wapo wanaosema ndivyo lilivyoundwa. Mimi nasema huo ni utovu wa nidhamu! (Makofi mengi.) Katika kipindi changu hakuna tela litakalopingana na usukani. Tumeunda kamati, kamati imeunda kamati ndogo, na kamati ndogo imeandaa rasimu ya karipio ambalo litasomwa hadharani mbele ya tela husika, mara tu tela husika litakapopatikana. (Sauti: Si lile pale?) Lile ni la Dickson. Haliko kwenye mpango kazi.

Sasa nije kwenye capacity building. Kwa kuwa gari la mafunzo lilikuwa kwenye mchakato, na bado limo humo, tuliamua kutumia rasilimali watu. Mwanachuo mmoja alikuwa kichwa cha gari, mwenzake alikuwa tela, katikati wameunganishwa kwa mchi wa kutwangia, halafu wanarudi kinyumenyume uwanja mzima wakiunguruma kwa midomo. Mkufunzi wao, Bwana Agapiti, ana uzoefu mkubwa, maana aliwahi kukaa kiti cha abiria kwenye lori mpaka Mtwara, na sehemu kubwa ya safari alikuwa macho. Titus, simama! Huyu ndiye kichwa bora. (Makofi.) Na Mwamina, binti wa Bi Safina, simama mwanangu wakuone. Huyu amekuwa tela mwaka mzima bila kulalamika.

(Mwamina: Nililalamika, Mheshimiwa.)

Bila kulalamika sana.

(Mwamina: Niliacha cherehani yangu nije kujifunza udereva. Kila siku Titus kichwa, mimi tela. Usukani nitaushika lini?)

Swali zuri, na linaonyesha kwamba elimu imeingia. Usukani, binti yangu, upo awamu ya pili. Awamu ya pili inasubiri kukamilika kwa awamu ya kwanza, na awamu ya kwanza inasubiri mafanikio ya awamu ya pili, kwa hiyo unaona mwenyewe jinsi mambo yanavyosubiriana vizuri. (Bi Safina: Nnungu wangu!)

Nizungumzie matokeo. Tangu mafunzo yaanze, ajali za kurudi nyuma hapa chuoni ni sifuri. (Sauti: Gari lenyewe hakuna!) Sifuri, wananchi! Kuridhika kwa wanachuo kumefikia asilimia mia moja na kumi na mbili, hiyo kumi na mbili ikiwa ni ya wale ambao hatukuwauliza. Na mbele ya safari, way forward, kila kaya ya Ruangwa na Nachingwea itapewa kioo kimoja cha pembeni, ili mwananchi aone anakotoka. (Vigelegele. Honi: paaa! paaa!) Dickson, namalizia.

Nikisema rivasi, mnasema maendeleo. Rivasi! (Maendeleo!) Tela! (Nidhamu!) Narung'ombe! (Kinyumenyume!)

Shukrani. Namshukuru Mzee Shehe kwa uwanja huu, ambao anauhitaji sasa hivi kwa sababu mbuzi wake wanarudi. Naishukuru kwaya ya parokia kwa majoho. Wahitimu vueni, mkunje vizuri, Jumapili yana kazi. Namshukuru Bi Safina kwa mchi, ambao leo atautwangia tena. Na kwa namna ya pekee namshukuru fundi aliyetuandikia bango, maana wananchi, tuambiane ukweli, bango ndilo darasa, bango ndilo karakana, bango ndilo bweni, na hata hilo nimeombwa nilirudishe, kwani upande wa pili ni tangazo la harusi.

(Dickson, kutoka dirishani: Mheshimiwa, kwa hiyo nani ananitoa? Matone yameanza!)

Hilo nalielekeza kwa wahitimu. Titus, kichwa bora? (Titus: Mimi ni wa miguu, Mheshimiwa.) Bwana Agapiti? (Bwana Agapiti anafungua mlango wa abiria.) Basi, Mwamina... Mwamina, unakwenda wapi? Mwamina, hiyo ni awamu ya pili! (Mwamina amepanda. Dickson anasogea, anamwachia usukani. Gari linanguruma. Umati mzima unakimbilia nyuma ya tela: Kata kulia! Kushoto! Nyoosha, mwanangu! Mzee Shehe: Njoo, njoo, njoo! Bado! Bado! Kishindo. Mzee Shehe: Hapo hapo!)

Wananchi, tulieni. Naona lori limeshatokea barabarani, naona wanatandika turubai la pili, na naona Bi Safina analia na kucheka kwa wakati mmoja. Mwamina, shuka, ila sijasema uache kutabasamu. Naona vilevile kwamba bango letu lipo chini ya matairi. Rukaiya, andika haraka kabla sijaulizwa: chuo kimegongwa leo mchana, na kitu ambacho hakipo hakigongwi. Ahsanteni sana kwa kunisikiliza.