Swali la Saba la Idara ya Kustaajabia

"Inatangazwa kwa wananchi wote, wageni wote, na yeyote mwenye macho, kwamba kuanzia mwezi huu wa Aprili pagoda ya Minzigon haitatazamwa tena kiholela."

Ndivyo lilivyoanza tangazo la Idara ya Kustaajabia Mambo ya Kale, na kusema kweli lilikuwa limechelewa. Kwa miaka mia nane watu wa uwanda wa Bagan walikuwa wakiitazama pagoda ile, hekalu la Buddha la matofali, bila utaratibu wowote. Mtu anakuja alfajiri, anavua kandambili getini, anazunguka, anaweka maua, anainua macho mpaka kwenye mwavuli wa dhahabu kule kileleni, anasema, "Ni nzuri," halafu anakwenda zake kunywa chai. Hakuna fomu, hakuna muhuri. Serikali ilikuwa haijui kabisa ni watu wangapi wamestaajabu, wala kwa kiwango gani.

Mkurugenzi wa Idara, U Nyo Tun, alilimaliza jambo hilo kwa kurasa ishirini na mbili. Saa za kustaajabu zitakuwa saa sita mchana mpaka saa tisa, kwa kuwa hapo ndipo mwanga unapokuwa wa kutosha, na maofisa nao wanakuwa wameshamaliza chai. Kila anayestaajabu atasimama uwanjani juu ya alama nyeupe, mikono imetulia, uso umeelekea kazi ya mafundi wa kale, kwa dakika saba, na hatatoka kwenye alama mpaka kengele ilie, hata awe na cheo gani. Mikeka iliyotandikwa uwanjani tangu enzi za mababu ilikusanywa ikafungiwa stoo, maana kwenye picha ilikuwa inaficha matofali. Viatu vilibaki getini kama siku zote, kwani pale ni mahali patakatifu na Idara inaheshimu mila.

Mtu mmoja tu ndiye aliyekwenda ofisini kuuliza. Ni Daw Htwe Yin, mwenye ufunguo.

Pagoda zenye michoro ndani, kila moja ina mtu wake wa kushika ufunguo, na ule wa Minzigon ulikuwa umetoka kwa bibi yake ukaja kwa mama yake ukaja kwake. Ni wa chuma, urefu wake unatoka kiwikoni mpaka kwenye vidole. Kwa miaka arobaini, kabla hajaonja hata maji, Daw Htwe Yin alikuwa akifungua mlango ule, anafagia mavi ya popo, anambadilishia Buddha maua, na mgeni akija anammulikia kuta kwa tochi.

"Mheshimiwa," alimwambia Mkurugenzi, "mwezi wa nne, saa sita, lile tofali la uwanjani linaivisha chapati. Umeshawahi kulikanyaga?"

U Nyo Tun alikuwa amekaa chini ya feni. Dirishani palikuwa na darubini nzuri, imeelekezwa kwenye pagoda. "Mama, mimi nimeandika vijitabu vinne kuhusu lile tofali."

"Sijauliza kuandika. Nimeuliza kukanyaga."

"Unaona?" Mkurugenzi akamgeukia karani wake, Ko Lun, mtu mzima mwenye saa mbili, moja kila mkono. "Haya ndiyo tunayotaka kuyaondoa. Andika: mwenye ufunguo hana cheti."

Na kweli hakuwa nacho. Wiki iliyofuata akaitwa kwenye mtihani wa maswali kumi. Tisa hayakumsumbua. Aliandika idadi ya nyuso za majitu ya chokaa yanayotema mashada ya maua chini ya paa, arobaini na mbili, mmoja umevunjika pua. Akaandika namna mafundi walivyosugua tofali kwa tofali mpaka wembe hauwezi kupita katikati. Akaandika mpaka mwezi ambao jua la asubuhi huingia mlangoni na kumgusa Buddha magotini. Shida ilikuwa swali la saba, ambalo ni la lazima, na ukilikosa umekosa yote: Mtu wa mwisho katika msafara uliochorwa ukuta wa kaskazini anafanya nini?

Mtu huyo kila mtoto wa Minzigon anamjua. Mchoraji amepanga watu wa mfalme mstari mzima, wameshika maua, wamefumba macho kwa heshima. Mwishoni kabisa yuko bwana mmoja mnene mwenye mshipi wa cheo. Amesimama kwa mguu mmoja, mikono kairusha hewani, mdomo wazi, macho yametoka. Kijitabu cha Idara, ukurasa wa kumi na nne, kinaeleza kwamba huyo ni mchezaji katika hali ya furaha kuu ya kiroho.

Daw Htwe Yin aliandika: "Anaungua miguu."

Ndivyo alivyoambiwa na bibi yake. Huyo ni ofisa wa mfalme, alikuja saa sita, na mchoraji alikuwa amekaa upande wa kivuli.

"Futa, shangazi," Ko Lun alimnong'oneza. "Andika anafurahi, yaishe. Nani atajua?"

"Nitajua mimi. Mtu wa watu anaungua miaka mia nane, leo nimwandikie kwamba anafurahi? Wewe ungependa?"

Ko Lun akafikiri kidogo, akasema hangependa, akaichukua karatasi.

Daw Htwe Yin akaanguka mtihani. Barua ilikuja na mihuri mitatu: ufunguo utakabidhiwa siku ya ukaguzi, saa sita kamili, kisha utawekwa kwenye droo ya Mkurugenzi. Atakayetaka mlango ufunguliwe ataomba kwa maandishi na kujibiwa ndani ya siku kumi na nne za kazi. Daw Htwe Yin alikaa jikoni, ufunguo mapajani, akajiuliza Buddha naye ataomba maua kwa fomu gani. Alilia mpaka wali ukaungua. Hakuwa mtu wa kulia, na hilo nalo lilimuudhi.

Siku ya ukaguzi ikafika. Kutoka makao makuu alikuja Mkaguzi Mkuu, Daw Saw Yu, bibi mfupi mwenye mwavuli wa karatasi na jalada kubwa kwapani. Alivua kandambili zake getini, akapita kwenye kivuli cha ukuta, akaligusa tofali la uwanjani kwa kidole gumba cha mguu. Kidole kikarudi chenyewe. Akapanda ukumbini, palipo baridi, akaketi.

"Nimesoma kurasa zote ishirini na mbili," akasema. "Waliostaajabu mpaka leo ni wangapi?"

"Kumi na mmoja," akajibu Ko Lun. "Wote watalii. Tumewapa Daraja la Pili kwa kuzingatia sauti walizotoa."

"Vizuri. Sasa nionesheni mtu mmoja akistaajabu, nikaandike ripoti."

Mkurugenzi akamnyooshea kidevu Daw Htwe Yin, aliyekuwa amesimama pembeni na ufunguo wake juu ya mto mwekundu wa makabidhiano. "Huyu hapa atasimama."

Ko Lun akakohoa. "Mheshimiwa, huyu kaanguka mtihani. Kifungu cha tisa, asiye na cheti hastaajabu mbele ya mgeni rasmi."

"Basi simama wewe."

"Mimi Daraja la Tatu. Onyesho la mfano ni la Daraja la Kwanza peke yake."

"Wenye Daraja la Kwanza wako wangapi?"

"Mmoja, mheshimiwa." Ko Lun akaangalia saa ya kushoto. "Ulijitunuku mwezi wa pili."

U Nyo Tun alikuwa mtu wa kanuni. Akavua soksi, akazikunja vizuri, akashuka. Hatua tatu za kwanza alikwenda kama mkurugenzi. Ya nne aliiharakisha. Alipofika kwenye alama nyeupe alikuwa karibu anakimbia, lakini alisimama, akatuliza mikono, akauelekeza uso kwenye kazi ya mafundi wa kale. Idara nzima ilijivunia.

"Ko Lun," akaita baada ya muda mfupi, kwa upole. "Hizo saa zako zinatembea?"

"Zote mbili, mheshimiwa. Dakika moja imekwisha."

"Piga kengele."

"Kifungu cha tatu kinasema atakayepiga kabla ya wakati atafukuzwa kazi. Na mimi nina watoto wanne."

"Leteni mkeka."

"Mikeka iko stoo. Ufunguo wa stoo uko kwenye droo yako, na ufunguo wa droo unao mfukoni."

Mkurugenzi akautazama mfuko wake; kanuni ilitaka mikono itulie. Mkaguzi Mkuu akainuka taratibu. "Mama, wakati tunasubiri, hebu nifungulie nione hiyo michoro."

Daw Htwe Yin akautoa ufunguo kwenye mto. Alijua ni mara ya mwisho, akaufuta kwanza kwa pindo la nguo. Mlango ukafunguka, baridi ya ndani ikawapokea. Akamulika tochi ukutani, akampitisha mgeni wake mtu kwa mtu, maua kwa maua, kama alivyowapitisha wote, mpaka mwisho wa mstari.

Mkaguzi Mkuu akamtazama yule bwana wa ukutani. Kisha akageuka, maana mlango ulikuwa wazi nyuma yake, na katikati ya mlango, kwenye jua kali, alionekana U Nyo Tun. Alikuwa amesimama kwa mguu mmoja. Mikono kairusha hewani, mdomo wazi, macho yametoka. Mkaguzi akaurudia ukuta, akaurudia mlango, akachukua tochi akamulika mwenyewe.

"Swali la saba," akasema. "Ulijibu nini, mama?"

"Anaungua miguu."

"Aliyesahihisha?"

"Yule pale."

Mkaguzi Mkuu akasogea mlangoni. "Mkurugenzi, samahani kwa kukukatisha. Ni kwa ajili ya ripoti tu. Uko katika hali gani sasa hivi? Ni furaha kuu ya kiroho?"

U Nyo Tun akabadilisha mguu. Ilionekana anapigana na ukurasa wa kumi na nne, na kwa sekunde chache ukurasa ulikuwa unashinda.

"Naungua," akasema.

"Sikusikia vizuri. Unaungua nini?"

"Miguu. Naungua miguu."

"Ko Lun, umeandika?"

"Kwa herufi kubwa."

Mkaguzi akafungua jalada, akaitoa karatasi ya mtihani, akaweka vema kwenye swali la saba, akatia saini. "Basi huyu mama amefaulu, na ufunguo haumtoki. Kengele bado?"

"Bado dakika tatu," akajibu Ko Lun. "Ila kuna kifungu cha ishirini. Anayestaajabu anaweza kuingia ndani kabla ya kengele, iwapo mwenye ufunguo atamkaribisha."

Wote wakamwangalia Daw Htwe Yin. Alikuwa na furaha, na haikuwa ya kiroho. Akaikumbuka barua yenye mihuri mitatu, akazikumbuka zile siku kumi na nne za kazi, akatafuna tambuu yake na kuhesabu mpaka kumi bila haraka.

"Karibu ndani, mheshimiwa."

Aliingia kwa mwendo ambao haumo katika kurasa zote ishirini na mbili. Daw Htwe Yin akamkalisha kwenye tofali la baridi chini ya ukuta wa kaskazini, akamgeuza ili nyayo zisimwelekee Buddha, akaleta mtungi wa maji ya wapita njia akammiminia miguuni. Hasira zake zilimwisha maji yalipofika nusu, akamimina na yaliyobaki. U Nyo Tun alishusha pumzi ndefu. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu aanze kuiandika pagoda ile, akainua macho.

Akamtazama yule bwana mnene wa mwisho kwa muda mrefu.

"Ana muda gani pale?" akauliza.

"Miaka mia nane, mheshimiwa."

"Na kengele haijalia?"

Ko Lun, aliyekuwa mlangoni, akaangalia saa zake zote mbili. "Bado, mheshimiwa."