Msimamo wa Pamoja wa Nchi Saba

"Hivi dada, nchi saba marafiki zinashindwaje kuandika barua moja?"

Jirani yangu, mke wa dereva wa lori, aliniuliza hivyo tukianika nguo. Nikamwambia asikufuru. Mimi ndiye mpika chai wa Umoja wa Nchi Saba, mwaka wa kumi na moja sasa, na natangaza mbele ya Mungu na watu: hazishindwi. Zinahitaji muda tu.

Mumewe alikuwa kashikwa siku arobaini na mbili katika nchi kubwa ya ng'ambo ya mpaka, kwa kosa la kupiga honi karibu na afisa aliyekuwa anafikiri. Umoja ukaitisha Kikao Maalumu cha Msimamo wa Pamoja, iandikwe barua aachiliwe. Jirani akaitwa kutoa ushahidi. Siku tatu akakaa kwenye benchi kando ya birika langu, maana wajumbe walikuwa hawajaafikiana aketi upande gani wa meza.

Kanuni yetu ni nzuri: neno haliingii kwenye barua mpaka wote saba wawe wamelikubali. Siku ya kwanza wakapitisha tarehe. Siku ya pili, mjumbe wa nchi inayonunua mafuta kule akaomba "tunalaani" iwe "tunashangaa." Wa nchi inayoletewa umeme kutoka kule akasema kushangaa nako ni ukali, iwe "tumesikia."

"Tumesikia kwa nani?" akauliza wa tatu. "Mimi sijasikia kitu."

"Na tukisema kushika madereva ni vibaya," akaongeza wa nne, "hawa tuliowashika sisi tutawaficha wapi?"

Jirani akaninong'oneza, "Wamefika wapi?"

"Kwenye tarehe."

"Ya leo?"

"Ya jana. Lakini imeandikwa vizuri."

Watu husema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Ni uzushi. Chetu hakijaenda mrama hata siku moja, hakijang'oa nanga.

Siku ya tatu akaalikwa balozi wa ile nchi kubwa, kwa heshima, asije akasikia habari zake mitaani. Akafungua mkoba, akapanga bahasha saba mezani.

"Waheshimiwa, kila mmoja wenu ameshaniandikia kwa siri. Zote zinasema: barua ya pamoja ikija, usiijali. Hata nukta zimelingana."

Nilisikia birika likipumua. Kisha Mwenyekiti akainuka, uso umemng'aa.

"Waheshimiwa, msimamo wa pamoja umepatikana!"

Wakapiga makofi. Nami nikapiga, kazi ni kazi.

Hapo jirani yangu akaingia bila kuitwa.

"Samahani, mheshimiwa balozi. Kwenye hizo barua saba, mume wangu katajwa?"

Balozi akazipekua moja moja, kwa adabu. "Mafuta yametajwa, mama. Umeme umetajwa. Dereva, hapana. Hakuna aliyeniomba."

"Basi mimi nakuomba."

Balozi akatazama saa, akatoa kalamu, akaandika mistari miwili, akatia sahihi.

"Mpeleke hii afisa wa mpakani. Atamtoa leo leo."

Mwenyekiti akaruka kama aliyekalia siafu. "Mama! Utaratibu! Maombi hapa yana mlango wake! Kwanza, wewe unawakilisha nchi gani?"

Jirani akaikunja ile karatasi mara mbili, akaitia kwenye pochi, akatoka kuelekea mpakani.